Kinanda au Jeshi la Majini?



Watoto wetu wakiwa wadogo tunawaamulia kila kitu: uji, chanjo, kandambili, hata upande wa kulala. Kisha unafika mwaka mmoja ambao mtoto amekuzidi kimo, amemaliza kidato cha sita, na jambo lililo mbele yake huwezi tena kumwamulia. Hapo ndipo mama wengi tunapokosa usingizi. Mwezi huu tuzungumze juu ya mwaka huo.

Mama mmoja wa hapa Wasso amenijia na mzigo huo. Kijana wake ana miaka 20. Hupiga kinanda kanisani na kuwafundisha wanakwaya sauti zao, na tangu sekondari amesema kwamba atasoma muziki chuoni. Lakini alipokwenda JKT kwa mujibu wa sheria, kambi yao ilikuwa mkoani Pwani. Huko aliiona bahari kwa mara ya kwanza, aliwaona wanamaji, na akarudi nyumbani na ndoto mbili. Baba yake amefurahi. Kwake askari ni kama morani: analinda, anaheshimiwa, tena analipwa. Lakini muziki? Mzee ameuliza swali ambalo wazazi wengi wa Kimasai wangeuliza: je, kuimba nako kunasomewa? Kwetu olaranyani huanzisha wimbo na wenzake wakaitikia, na hajawahi kulipa ada popote.

Mama huyo aliniuliza amwambie nini mwanawe. Nilimjibu kwamba kabla ya kumwambia lolote, yafaa wote wawili wazijue njia zenyewe. Mara nyingi tunagombana nyumbani juu ya vitu ambavyo hatujavichunguza.

Hebu tuanze na jeshi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles ya Januari mwaka huo. Wanamaji ni kamandi mojawapo ndani yake, na kituo chao kikuu kiko Kigamboni, Dar es Salaam. Kazi yao si vita tu. Hulinda mipaka ya majini, hupambana na magendo, na husaidia katika maafa. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, wanajeshi walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya uokoaji na ya kukiinua kivuko kile.

Lakini mama, lishike hili: kijana haombi kuwa mwanamaji kama anavyoomba chuo. Anaomba kuandikishwa jeshini. Akichukuliwa, hupata mafunzo ya awali nchi kavu, kisha jeshi ndilo linaloamua apelekwe wapi. Anaweza kuota meli akapangiwa kikosi cha porini. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji awe hajaoa wala kuolewa, na umri usizidi miaka 24 kwa aliyeishia kidato cha nne au cha sita, miaka 26 kwa mwenye stashahada, na 27 kwa mwenye shahada. Kwa hiyo mlango huu una saa yake ya kufungwa. Na kupitia JKT peke yake si ajira. JKT yenyewe husema hivyo kila inapotangaza nafasi.

Sasa chuo cha muziki. Tanzania vyuo hivi ni vichache, lakini vipo. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na ikapata jina la sasa mwaka 2007. Huko hutolewa astashahada na stashahada. Karibu nasi zaidi, Usa River, Arusha, kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira cha kanisa la Kilutheri, ambako muziki husomwa hadi shahada. Baba anayeuliza kama kuimba kunasomewa anastahili kujibiwa kwa heshima. Kinachosomwa huko ni kuandika na kusoma nota, kupanga sauti za kwaya, kufundisha wengine, kupiga ala zaidi ya moja, na kurekodi. Kijana anayepiga kinanda kwa kusikia, au kwa do-re-mi ya kwaya, atakuta bado ana kazi kubwa mbele yake.

Je, baadaye atakula nini? Tuseme kweli. Mwanajeshi hupata mshahara kila mwezi, matibabu, na mafao akistaafu. Mwanamuziki mwenye stashahada hana ahadi ya namna hiyo. Wengi huunganisha vipande: kufundisha shuleni, kuongoza kwaya, kupiga kwenye sherehe na hotelini, kurekodi. Mirabaha ipo kisheria, na Januari 2022 COSOTA iliwagawia wanamuziki, lakini mama asihesabu fedha hiyo kuwa unga wa mwezi.

Kuna jambo ambalo mama yule hakulijua, nalo ndilo lililomfanya atabasamu. Katika Afrika Mashariki jeshi na muziki ni ndugu wa siku nyingi. JWTZ ilikuwa na Mwenge Jazz, na JKT ilikuwa na Kimulimuli. Kule Kenya, askari wa kikosi cha saba cha jeshi la nchi kavu waliunda Maroon Commandos mwaka 1970, wakaongozwa kwa miaka mingi na Habel Kifoto. Na kila sherehe ya taifa tunaisikia brasi bendi ikipiga wimbo wa taifa. Hao wapigaji ni askari. Hata hivyo, msimwambie kijana aende jeshini kwa sababu atawekwa bendini. Hakuna anayeweza kumwahidi hilo. Mwambieni tu kwamba anayejua kusoma nota haachi ujuzi wake langoni.

Kama muuguzi, naongeza machache ya mwili. Mwombaji wa jeshi hupimwa afya, basi apimwe mapema hospitali iliyo karibu, ajue hali yake kabla ya kusafiri. Macho yapimwe pia kwa rangi. Usiku baharini chombo huonyesha taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, na asiyezitofautisha rangi hizo ni hatari kwa wenzake. Kasoro hii huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na wengi huishi nayo bila kujua. Masikio nayo ni ya kulindwa katika njia zote mbili. Mtu akikaa saa 8 kwa siku kwenye kelele za desibeli 85 na zaidi, usikivu huharibika polepole, na ukiharibika hivyo haurudi. Mizinga hufanya hivyo, injini za meli hufanya hivyo, na spika za kanisani zilizofunguliwa hadi mwisho hufanya hivyo pia.

Sasa fedha, maana hapa ndipo penye jeraha. Baba wa kijana yule alikuwa tayari kuuza ng'ombe watatu. Kumetokea mtu anayesema kwamba akipewa fedha hiyo, jina la kijana litaingia kwenye orodha ya jeshi. Mama mwenzangu, nafasi ya jeshi haiuzwi. Jeshi limetangaza mara nyingi kwamba kujiunga ni bure na kwamba wanaodai malipo ni matapeli. Ng'ombe akienda kwa mtu wa namna hiyo harudi, na kijana hapati kitu ila aibu. Ng'ombe anayeuzwa kwa ada ya chuo kilichosajiliwa, kwa risiti, ni jambo lingine. Hata hapo, kwanza ulizeni ada ya mwaka mzima, chumba na chakula, na kama kozi hiyo inakubaliwa na Bodi ya Mikopo. Nafurahi kusema kwamba ng'ombe wale bado wako zizini.

Je, kijana aanze na lipi? Fikirini hivi. Akisoma shahada ya muziki kwa miaka mitatu, atamaliza akiwa na miaka 23 au 24, bado yumo ndani ya umri wa wenye shahada, ingawa jeshi huchagua fani linazozihitaji na huenda muziki usiwemo mwaka huo. Akianza na jeshi, muda wake si wake tena. Kusoma kutategemea ruhusa ya wakubwa wake. Kwa hiyo, anayeupenda muziki asiingie jeshini kwa kufuata mshahara peke yake, akidhani atasoma akipata nafasi. Na anayependa jeshi kweli asipoteze miaka chuoni huku umri ukimpita. Kuomba kote kuwili hakukatazwi. Kuomba si kuapa.

Ili kumjua anayependa lipi, msimwulize siku nzuri, maana kila kazi ina siku nzuri. Mwulizeni siku mbaya. Je, yuko tayari kuamshwa saa kumi usiku, kuamriwa na mtu mdogo kuliko yeye, na kukosa msiba wa nyumbani kwa sababu yuko zamu? Je, yuko tayari kurudia mistari minne ya nota kwa saa tatu, peke yake, na mwisho wa mwezi asiwe na fedha ya kumtumia mama? Siku mbaya anayoweza kuibeba bila uchungu, hiyo ndiyo inaonyesha njia yake. Mwacheni ajibu mwenyewe, baba akiwepo, na mama usimjibie.

Nasi tujichunguze. Wakati mwingine mama hupinga jeshi kwa sababu ya hofu yake, au baba hupinga muziki kwa sababu ya majirani. Hofu ya mzazi ni haki yake, lakini haipaswi kuwa ndiyo kazi ya mtoto kwa miaka thelathini. Mwambie mwanao hofu yako wazi, mara moja, kisha usiirudie kila mlo. Akienda, mwombee. Akirudi ameshindwa, mkate wa ugali usipungue. Mtoto anayejua kwamba mlango wa nyumbani haufungwi huchagua kwa utulivu zaidi kuliko anayechagua kwa woga.

Mpaka mwezi ujao, nawatakia amani katika nyumba zenu.