Lipa Ukishaona Maji: Somo Langu la BnB za Kitengela

Nianze na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu ushauri wa pesa kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuchomeka hauna uzito.

Mwaka jana binamu yangu alikuwa anaenda ukweni Kajiado. Sisi ni watu wa Murang'a, sherehe ilikuwa Jumamosi asubuhi, na si rahisi kuwatoa wazee nyumbani saa tisa za usiku halafu utegemee wafike huko na akili ya kuzungumza mahari. Tukaamua tulale Kitengela Ijumaa, kesho yake tumalizie zile kilomita karibu 50 kupitia Isinya. Na kwa sababu mimi ndiye niliyesomea mauzo, na ndiye hushinda kwa simu, nikapewa kazi ya kutafuta nyumba. Watu wanane. Michango yote ikatumwa kwangu.

Nikapata BnB Facebook. Vyumba vitatu, makochi ya kijivu, televisheni kubwa kama ukuta, Sh12,000 kwa usiku. Nikapiga simu. Dada aliyeshika aliongea vizuri sana. Akaniambia kuna mteja mwingine anataka kulipa sasa hivi, kwa hivyo nitume pesa yote ndio anishikie. Nilipoingiza namba yake, jina lililotokea lilikuwa la mwanamume. Nikamuuliza. "Hiyo ni ya bwanangu, laini yangu iko na shida." Nikatuma.

Soma hapo tena. Skrini iliniambia ukweli bure kabisa. Mimi ndiye niliyekataa kusikia.

Ijumaa saa mbili na nusu usiku tulikuwa nje ya geti, upepo wa Kitengela ukitupiga, Shangazi ameketi juu ya begi lake. Ile namba ikawa "mteja hapatikani kwa sasa". Askari akatoka na tochi, akatuangalia, akasema taratibu: "Poleni. Hapa anaishi mwenye nyumba na familia yake. Nyinyi ni watu wa tatu mwezi huu." Picha zilikuwa zimeibwa mahali pengine, na eneo la ramani lilikuwa limechaguliwa tu. Wazee hawakunigombeza. Walinyamaza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Tuliokolewa na huyo huyo askari. Alimpigia mama mmoja mwenye nyumba mbili za kukodisha mtaa wa pili. Tulipofika, nikatoa simu haraka nilipe kabla hajabadilisha mawazo. Akanikataza. "Ingieni kwanza. Fungua bomba. Angalia stima. Kama mmeridhika, ndio tuongee." Akatuonyesha tangi la maji, akatuambia wazi kwamba maji ya bomba ni ya kisima na yana chumvi, kwa hivyo ya kunywa na ya chai ameweka kwenye mtungi. Akaandika majina yetu na namba za vitambulisho kwenye daftari. Kisha akanionyesha namba ya Till iliyobandikwa nyuma ya mlango. Nilipoiingiza, jina lililotokea lilikuwa lile lile la kwenye kibao cha geti. Nikalipa nusu. Nusu nyingine nililipa asubuhi tukitoka.

Tangu usiku ule nimelala kwenye BnB kadhaa Kajiado, nzuri na mbaya, na nina maoni moja ambayo niko tayari kuyatetea: tofauti ya mwenye nyumba mzuri na mbaya huionekana kwenye picha. Huonekana kwa vile anavyokuomba pesa. Mzuri anakuambia kasoro kabla ya kupokea hata shilingi. Mbaya anataka yote, sasa hivi, na ana sababu ya kila kitu.

Mfano mzuri: wikendi moja tulienda upande wa Champagne Ridge, kule juu ya Kona Baridi ambako unaona Bonde la Ufa limelala chini yako. Kabla sijalipa kitu, mwenye nyumba alinitumia video ya barabara. Akasema gari ndogo itateseka mvua ikinyesha, stima ni ya sola kwa hivyo pasi ya nguo isahau, na usiku kuna baridi. Akaomba theluthi moja tu ya kushikia nafasi, na akaandika kwenye ujumbe nikighairi siku ngapi kabla nitarudishiwa ngapi. Hatukulalamikia chochote, kwa sababu hakuna kilichotushangaza.

Mfano mbaya, ingawa si wizi: chumba kimoja Kitengela ambacho nilikilipia kikamilifu mapema. Saa tano usiku tokeni za stima zikaisha. Mwenyewe akanijibu ati tokeni ni za mgeni. Maji nayo yakakauka, nikaambiwa boza linakuja asubuhi. Hakunidanganya popote. Sikuuliza tu, na pesa ilikuwa imeshatoka. Ukishalipa yote, malalamiko yako yanageuka kuwa ombi.

Sasa niseme jambo ambalo kampuni za malipo kama hii yetu hatulisemi vya kutosha. Tumezoea kusifu kasi. Pesa inafika kabla hujarudisha simu mfukoni, na hilo limebadilisha Kenya tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Lakini kasi hiyo hiyo ndiyo rafiki mkubwa wa tapeli. Wengi wanadhani kurudisha muamala ni kama kurudisha kiatu dukani. Sivyo. Huduma hiyo imetengenezwa hasa kwa mtu aliyekosea namba. Wewe hukukosea namba. Ulituma kwa mtu uliyemkusudia, ila yeye si yule aliyesema. Mimi nilijaribu usiku ule ule, nikakuta pesa zimeshatolewa. Nikaripoti polisi, nikapewa namba ya OB. Zile Sh12,000 hazijarudi, na nililipa michango ya watu kutoka kwa mshahara wangu kwa miezi mitatu.

Linganisha na Airbnb yenyewe: ukilipa ndani ya programu yao, mwenye nyumba huachiliwa pesa takriban saa 24 baada ya wewe kuingia, si kabla. Ndiyo maana tapeli atakuambia, "Tuongee nje, tupunguze ile ada." Ile ada inalipia huo muda wa kusubiri. Naamini hata kampuni zetu za hapa zinafaa kuwapa wateja njia rahisi ya kushikilia malipo mpaka mtu aone alichokodi. Mpaka siku hiyo, mshikaji ni wewe.

Haki pia iwaendee wenye nyumba. Yule mama aliniambia wageni nao wamemchoma: mmoja alimwonyesha ujumbe bandia wa malipo, mwingine alilala siku mbili kisha akaomba muamala urudishwe akidai alikosea namba. Ndiyo maana aliacha kupokea kwa laini yake binafsi, na huangalia salio badala ya ujumbe. Na lile daftari la vitambulisho si udaku. Januari 2024, wanawake wawili waliuawa Nairobi kwenye nyumba za kukodi kwa siku, ndani ya wiki mbili, na tarehe 27 mwezi huo watu walijaa barabarani kudai usalama. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inataka biashara za malazi zipate leseni kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Muulize mwenye nyumba kama ameisajili. Aliyesajili hatakasirika.

Kabla ya kubonyeza tuma, fanya haya:

1. Soma jina linalotokea. Kama si la mtu unayeongea naye wala la biashara yake, simama. Usikubali hadithi ya "bwanangu".
2. Omba Till au Paybill ya biashara. Si kinga kamili, lakini tapeli hupendelea laini anayoweza kuitupa kesho.
3. Omba video ya sasa hivi, siyo picha. Aanze getini, aingie, afungue bomba, awashe taa.
4. Lipa sehemu ya kushikia nafasi, inayobaki ukishaingia. Akikataa kabisa, tafuta nyingine. Kitengela haijakosa nyumba.
5. Mpatane kwa maandishi: tokeni ni za nani, maji yakiisha itakuwaje, ukighairi utarudishiwa ngapi.
6. Ukishakosea, usilale. Kwa M-Pesa, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Ukitapeliwa, ripoti namba hiyo kwa 333 na uende polisi ukiwa na ujumbe wote. Usifute kitu.

Binamu yangu alipata mke. Shangazi bado ananitania: kila nikitaka kununua kitu, hata sukuma wiki, ananiuliza kama nimeona maji kwanza. Mimi hucheka, halafu naenda kuangalia.