Kabla hujanunua PS, angalia kama ina mahali pa diski

Ukipita Kibera au Kawangware jioni, huwezi kukosa kibanda cha mabati chenye runinga mbili tatu, padi zikipokezanwa na vijana wakizomeana kwa sababu ya bao. Wengi wetu PlayStation tuliijulia hapo, si sebuleni. Lakini ushawahi kujiuliza mashine hizo zilifikaje mtaani?

PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000. Kufikia 2013 ilipoacha kutengenezwa, ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Walioileta mtaani ni wafanyabiashara wetu: wengine waliinunua Dubai, wengine wakaleta zilizotumika kutoka Uingereza, zikapita Luthuli Avenue hadi kibandani. Mpaka leo, Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa na duka la mtandaoni la PlayStation. Ukitaka akaunti, lazima ujifanye unaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini.

Kilichotuokoa ni diski. Unanunua FIFA iliyotumika, unaicheza mwaka mzima, unabadilishana na mwenzako, kisha unaiuza. Mwenye kibanda naye analipisha kila mechi na kupata riziki yake.

Sasa njia hiyo inazibwa. PS5 ilipotoka 2020, ile ya bei nafuu ndiyo iliyokosa mahali pa diski. PS5 Pro ya Novemba 2024 nayo haina. Kisoma diski unakinunua kando.

Tatizo liko wapi? Gemu uliyoipakua huwezi kuiuza wala kumwazima jirani. Inakaa kwenye akaunti, na akaunti yenyewe inasema unaishi nchi ambayo hujawahi kukanyaga. Wakiifunga kesho, utamlalamikia nani? Na hapo hatujahesabu bando za kupakua gemu nzito.

Utaambiwa diski zimepitwa na wakati, tena zinakwaruzika. Sawa, lakini diski ni mali yako.

Kwa hivyo, kijana mwenzangu, kabla hujatoa pesa zako pale Luthuli, igeuze hiyo mashine uikague. Nanyi wenye vibanda, mko wengi: undeni chama, mnunue pamoja zile zenye diski. Halafu sote tuiulize Sony: ikiwa pesa zetu zinawafikia kupitia Dubai, mbona duka lao halitufikii sisi?