Mchekeshaji Ale Kwanza, Ndipo Acheke

Mwaka 2015 wachekeshaji wawili wa Marekani, Mike Mitchell na Nick Wiger, walianzisha huko Los Angeles kipindi kiitwacho Doughboys. Kipindi hicho ni cha aina ile inayoitwa podikasti, yaani mazungumzo yanayorekodiwa na kuwekwa katika intaneti ili kila msikilizaji ayafungue kwa wakati wake, awe kazini au safarini. Kazi yao ni kuchagua mgahawa wa kampuni kubwa yenye matawi katika miji mingi, kula humo, kisha kuketi pamoja na mgeni wao na kuuzungumza mlo ule kwa mzaha na kwa kirefu. Mwishoni kila mmoja hutoa alama kwa hesabu ya uma, kuanzia sifuri hadi tano.

Msomaji wa Kibakwe ana haki ya kuuliza jambo hili linatuhusu nini sisi wa Wilaya ya Mpwapwa, ambao wengi wetu hatujakanyaga kizingiti cha mgahawa wa namna hiyo. Linatuhusu, kwa sababu simu imefika vijijini kabla ya migahawa hiyo. Kijana wa hapa anayo simu yenye kamera, anacho kipaji cha kuchekesha, na mbele yake kipo kibanda cha mama lishe. Desturi ya kuonja chakula na kukitolea hukumu mbele ya umma imekwisha kuingia nchini mwetu. Hapana budi basi tujiulize hukumu hiyo itolewe kwa haki gani, na juu ya nani.

Kumcheka mtu kwa ajili ya chakula chake si jambo geni kwetu. Misafara ya karne ya 19 ilipopita Ugogo kuelekea pwani, ikilipa hongo ili ipate njia, maji na chakula, Wagogo na Wanyamwezi walijuana kwa shida na kwa raha, na hata leo ni watani. Mgogo huchekwa kwa ajili ya mlenda wake, naye hujibu mapigo bila kuona haya. Lakini utani una sheria zake. Mtani anayefanya mzaha msibani ndiye huyo huyo anayeshika kazi za mazishi. Ruhusa yake ya kucheka inatokana na wajibu alioubeba. Mtu anayetaka kucheka bila kubeba wajibu wowote hatumwiti mtani, tunamwita mfidhuli.

Tukiwapima wale wachekeshaji wa Los Angeles kwa kipimo hiki cha wazee wetu, tutaona kwamba wamezishika sheria hizo, ingawa hawakufundishwa na mtu wa Ugogo. Kwanza, wanakula kabla ya kusema. Pili, hukumu haitolewi na mdomo mmoja, maana mmoja akitoa uma nne mwenzake aweza kutoa mbili, na msikilizaji akabaki na uhuru wa kuamua. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, wanaowacheka ni wenye nguvu. Kampuni yenye mamia au maelfu ya matawi ina fedha za matangazo na ina wanasheria wake. Haiwezi kufungwa na kicheko cha jioni moja.

Sasa mtazame mama lishe wa mnadani. Mtaji wake ni sufuria mbili, mkaa, mchele, maharage na mafuta ya leo. Mauzo ya leo ndiyo yanayonunua mchele wa kesho, na humo humo yatoke marejesho ya mkopo wa VICOBA na daftari za watoto. Akitokea kijana akampiga picha, akakejeli wali wake kwamba una mawe na mchuzi wake kwamba ni maji ya kuoshea vyombo, picha hiyo itatazamwa na watu wengi katika usiku mmoja. Kesho yake kijana amekwisha kusahau na anatafuta kichekesho kingine. Mama yule anarudi nyumbani na sufuria iliyojaa, na hana kipindi cha kujibia. Mzaha wa namna hiyo ni mwenye simu kumwonea asiye na simu.

Wapo watakaosema kwamba mlaji amelipa fedha yake, kwa hiyo ana haki ya kusema, na kwamba uchafu haufichwi kwa sababu ya umaskini. Hoja hiyo ni ya haki na haiwezi kupuuzwa. Lakini uchafu unaoleta kipindupindu hauondolewi kwa kicheko. Hiyo ni kazi ya afisa afya. Na chumvi iliyozidi huambiwa mpishi mwenyewe, uso kwa uso, siku hiyo hiyo, naye akarekebisha. Haki ya mlaji haipungui hata kidogo kwa kusemwa kwa adabu.

Kama wachekeshaji wetu wanatafuta wa kuchekwa, wanaostahili wapo tele. Mwezi Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi. Kampuni ilieleza kwamba shehena ya viazi kutoka nje imechelewa, na kwamba haiwezi kununua kwa wakulima ambao hawajapita katika utaratibu wake wa kukagua ubora. Maneno hayo yalisemwa katika nchi ambayo kiazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi, na ambayo wakulima wake wa Nyandarua wanaishi kwa viazi. Wakenya walichachamaa, wakataka migahawa hiyo isusiwe, na mizaha ikamiminika mitandaoni. Baada ya kelele hizo kampuni ilisema kwamba itatafuta viazi vya wakulima wa ndani. Hapo kicheko kilifanya kazi ya heshima, kwa sababu kilielekezwa kwa mwenye nguvu na kilikuwa na hoja ndani yake.

Nasi tunayo migahawa yetu isiyoogopa mlaji. Ni hoteli za njiani ambako basi la masafa marefu husimama kwa dakika chache. Abiria hakuichagua, imechaguliwa na dereva na kondakta, ambao mara nyingi hula bure. Abiria mwenye njaa, na mtoto mgongoni, hulipa bei atakayotajiwa, akapewa chipsi baridi na kipande cha kuku kigumu, na kabla hajamaliza honi inalia. Mwenye hoteli ya namna hiyo hana haja ya kupika vizuri, kwani kesho basi litaleta wengine. Huyo ndiye wa kuchekwa. Mchekeshaji apande basi, alipe nauli, ale, kisha atoe alama zake bila huruma. Atakuwa amewatumikia abiria.

Kicheko pia kinaweza kujenga. Waliosafiri kwa Reli ya Kati wanawajua kuku wa Saranda, ambao sifa yao haikutangazwa na kampuni yoyote. Ilienezwa na midomo ya abiria walionunua dirishani, wakala, wakasimulia mbele ya safari. Hao ndio waliokuwa waamuzi wetu wa kwanza wa chakula, na walikuwa wamelipa. Kijana wa leo ana mdomo unaofika mbali kuliko wa abiria wale. Aje Kibakwe aketi kwenye benchi la mama lishe, aletewe ugali wa uwele na mlenda, acheke utelezi wake apendavyo, maana hilo tumelizoea. Lakini ale mpaka amalize, alipe, na ataje kibanda kilipo ili mwingine aje. Akifanya hivyo atakuwa mtani wetu, na mtani haachi kukaribishwa.