Jicho la Mgonjwa wa Kisukari Huvimba Bila Kuuma

Mwezi huu tunaacha habari za mbolea. Tunazungumza juu ya macho ya ndugu zetu wenye ugonjwa wa kisukari.

Wafugaji mnaufahamu ugonjwa wa kiwele. Kiwele huvimba, huwa chekundu na cha moto. Ukikigusa, ng'ombe hupiga teke. Hivyo ndivyo mwili unavyopigana na kitu kinachoudhuru. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hukimbilia mahali penye adui. Vita hivyo ndivyo vinavyoleta uvimbe na maumivu.

Sasa, nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Utando huu hupokea picha ya kila tunachokiona. Una mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huiumiza mishipa hiyo. Mwili hudhani umevamiwa. Askari wake hufika, lakini hakuna kijidudu cha kuua. Basi hunata kwenye kuta za mishipa. Mishipa mingine huziba. Mingine huvuja maji, kama mfereji uliobomoka kingo, na retina huvimba. Baadaye huota mishipa mipya. Hiyo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho.

Lakini jicho hili halipigi teke. Haliumi, wala halibadiliki rangi. Mtu anapalilia, anasoma gazeti hili, kumbe vita vinaendelea. Siku anapoona herufi zina ukungu, au mistari ya matuta imepinda, au vidoa vyeusi vinaelea mbele yake, ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Wengine husema, kama ni uvimbe, nitameza aspirini. Wazo hilo si la kijinga. Hata madaktari walilifikiria. Marekani walilipima kwa wagonjwa 3,711, kama sisi tunavyofanya katika shamba la majaribio. Kundi moja lilimeza aspirini kila siku, kundi jingine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1991. Aspirini haikuzuia ugonjwa huu wa macho. Haikuuzidisha pia, kwa hiyo aliyepewa na daktari kwa ajili ya moyo asiiache. Matone ya dukani nayo hayautibu.

Kinachosaidia ni kushusha sukari na shinikizo la damu, na kupimwa macho mapema. Mtu mzima akiambiwa ana kisukari, apimwe macho wakati huo huo, kisha kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Mama mjamzito mwenye kisukari asichelewe kabisa. Katika hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC kuna wataalamu wa macho. Jicho likiwa limeharibika, hutibiwa kwa mwale wa leza, au kwa sindano ndani ya jicho baada ya kutiwa ganzi. Sindano nyingine huzuia mishipa kuvuja na kuota ovyo. Nyingine hutuliza ule uvimbe. Tiba hizi huokoa uwezo uliobaki. Uliokwisha potea mara nyingi haurudi wote.

Siku ya kupimwa utatiwa matone ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa utaona ukungu na jua litakuumiza. Usiende kwa baiskeli. Nenda na mtu wa kukuongoza, na uchukue kofia.