KUKU APEWA DAGAA, MTOTO APEWA NASAHA



Yuko atakayeuliza, mara tu akiyaona majina ya Mbeya na Iringa katika karatasi hii: watu wa kisiwani wana nini na milima ya Kusini? Wanalo jambo, tena kubwa. Dagaa wanaovuliwa usiku katika bahari yetu kwa mwanga wa taa, wakachemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa Kama na Mangapwani, hawaishii hapa. Hutiwa maguniani, huvushwa bara, hupakiwa malori. Na malori yashikayo njia ya Tunduma kwenda Zambia na Kongo hupita chini ya kilima cha Iringa, kisha huukata mji wa Mbeya katikati. Samaki wetu, basi, hupita mlangoni mwa watu wale. Tunauliza: huingia kinywani mwa nani?

Nyanda za Juu Kusini ndilo ghala la nchi. Mahindi hutoka huko, mpunga wa Kyela na Mbarali hutoka huko, na viazi, maharage, chai, maparachichi na maziwa. Mtu angedhani kuwa mtoto wa huko ndiye mwenye afya kuliko wote. Sivyo. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kuwa katika nchi nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa walikuwa karibu 57! Njombe walikuwa 50, na Rukwa hali kadhalika. Mbeya, iliyoonekana afadhali, haikuwa mbali na thuluthi moja. Na miaka minne nyuma, mwaka 2018, Iringa ilihesabiwa 47. Yaani ghala limejaa na mtoto anazidi kuwa mfupi.

Kudumaa si ufupi wa kurithi, ambao si aibu wala ugonjwa. Ni mwili ulionyimwa vijenzi vyake katika siku elfu za mwanzo, tangu mimba hadi mwaka wa pili, na ubongo hunyimwa pamoja na mfupa. Mtoto huyo huenda skuli, hukaa darasani, na mwalimu humwita mvivu.

Wakubwa wamelionaje jambo hili? Wamelitolea semina. Mama wa Iringa, anayetoka na jembe alfajiri na kurudi jua limekuchwa, huketishwa chini ya mwembe akaelezwa makundi ya vyakula. Akitoka hapo huambiwa kuwa anakunywa ulanzi na hajui kulea. Sisi hatusemi kuwa elimu ya lishe haina faida. Twasema kuwa nasaha haitiwi chungwani. Mama yule anajua vizuri kuwa uji wa sembe mtupu haujengi mtoto. Analolikosa ni cha kutia ndani ya uji, kwa bei anayoiweza.

Na hapa ndipo anapoingia kuku.

Katika chakula cha kuku kinachosagwa nchini mwetu, dagaa ndio nguzo ya protini. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Viktoria haiendi jikoni. Huenda kwenye mashine ya kusagia chakula cha mifugo. Hatuna ugomvi na mfuga kuku. Wengi wao ni akina mama wenye banda dogo nyuma ya nyumba, na yai nalo ni chakula cha mtoto. Lakini tazameni namna soko lilivyopangwa: mama mwenye mtoto na mwenye kiwanda cha chakula cha kuku wanakwenda kwa mchuuzi yule yule, kuuliza gunia lile lile. Mmoja ana noti katika ncha ya kanga, mwingine ana lori. Nani atashinda? Na mchanga ulionata kwenye dagaa walioanikwa chini haumsumbui kuku, kwa hivyo hakuna anayeharakisha kujenga vichanja.

Wakati dagaa mzima anasagwa kwa ajili ya kuku, ni nini kinachotupwa?

Na mtu apite jioni nyuma ya meza za samaki, pale Mwanjelwa au Mlandege. Hapo wamefika perege na kambare wa Mtera, lile bwawa la Ruaha Mkuu lililojengwa katika miaka ya 1970. Hapo wamefika samaki wa Rukwa na wa Ziwa Nyasa. Wanaparuliwa, wanatumbuliwa, wanakatwa. Matumbo, magamba, matamvua, mapezi na miba hutiwa ndooni, na ndoo humwagwa mtaroni au jaani. Mbwa hula, nzi hutaga, na mchuuzi hutozwa ushuru wa kuondolewa taka hizo hizo. Perege ukimtoa mnofu peke yake, kinachobaki juu ya ubao ni kama thuluthi mbili za uzito wake. Kwa hakika muuzaji huyu ameuza samaki mmoja akatupa mwingine.

Mabaki haya yana faida ya namna tatu, na utaratibu wake ni wa haki kuliko huu uliopo.

Kwanza, kichwa na miba ni vya mtu. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili. Kichwa cha changu katika mchuzi hugombewa na wazee wenye mvi. Vichwa na miba vikichemshwa, vikakaushwa hata vikavunjika mkononi, vikatwangwa na kuchekechwa kwa chekeche laini ili pasibaki kipande cha kumkwama mtoto, hutoa unga wenye chokaa ya mifupa na protini. Kijiko chake katika uji hakibadilishi kazi ya mama wala hakimtaki apike chungu cha pili. Dagaa na usipa, kwa kuwa huliwa wazima na kichwa na macho, huongeza madini ya chuma na zinki na vitamini A. Hao ndio wa kutwangiwa mtoto, wala si kuku.

Pili, matumbo na matamvua ndiyo ya kuku. Yakusanywe siku ile ile kabla ya kuoza, yachemshwe katika pipa, yakamuliwe maji na mafuta, yaanikwe juu ya kichanja cha waya, kisha yasagwe. Kilo nne au tano za mabaki mabichi hutoa kilo moja hivi ya unga. Ikiwa ni masika na jua hakuna, yasagwe mabichi yakatiwa asidi ya fomiki kiasi cha sehemu 3 katika 100, yakorogwe kila siku. Baada ya siku chache huwa kama uji mzito usiooza kwa miezi. Molasi nayo huchachusha vile vile. Mfugaji asizidishe kipimo, maana yai litanuka samaki na mteja atakimbia. Haya si maajabu ya wataalamu. Iceland, nchi ya barafu, vichwa vya samaki wao hukaushwa kwa joto la chemchemi za moto na kuuzwa Nigeria, na Mnigeria huvitia katika supu kwa furaha. Wao hawakuona haya kuuza kichwa, na mnunuzi hakuona haya kukila.

Tatu, kinachobaki baada ya hapo ni cha shamba. Tarehe 8 Agosti 2022, katika viwanja vya John Mwakangale pale pale Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea, baada ya bei kupanda hata mkulima akashindwa kuigusa. Ruzuku hatuipingi. Lakini sehemu kubwa ya mbolea ile huletwa kwa meli na kulipiwa fedha za kigeni, na wakati huo huo mtaro wa soko la samaki unapeleka naitrojeni na fosforasi mtoni bure. Magamba na uchafu wa samaki ukifukiwa futi moja chini ya mgomba au mparachichi, mbwa asiweze kuufukua, mti wenyewe utatoa khabari.

Tunajua jawabu litakalokuja. Litasema: mnataka wananchi wale mapanki! Neno hili lina historia yake. Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria zama za ukoloni. Baadaye viwanda vya Mwanza vikawa vinapeleka minofu Ulaya kwa ndege, na vichwa na miba, yaani mapanki, vikawa vya mwananchi. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu yake juu ya jambo hilo, nayo ilizusha ghadhabu kubwa hata Rais Jakaya Kikwete akailaani hadharani mwaka 2006. Pakawa na mabishano kama mapanki ni chakula au ni takataka. Katika makelele hayo swali lenyewe likazikwa. Aibu haikuwa katika kichwa cha samaki. Aibu ilikuwa kwamba aliyekila hakuachiwa chaguo jingine, na kwamba kilikaangwa juani penye nzi badala ya kutengenezwa mahali safi. Baadaye bondo la sangara likatafutwa na Wachina kwa bei kubwa, na ghafla hapana tena aliyeliita takataka. Kumbe takataka ni jina la kitu ambacho mnunuzi wake hajafika!

Basi hatumwambii mama wa Iringa aridhike na miba wakati mnofu unakwenda kwa wengine. Twasema apate dagaa mzima, apate na unga wa vichwa, na kuku apewe matumbo. Mtanzania hapati hata nusu ya samaki anayeliwa na binadamu wa kawaida duniani, ambaye hula kilo 20 hivi kwa mwaka. Nchi yenye njaa ya samaki namna hii haina ruhusa ya kumwaga hata ndoo moja.

Na wasituambie kuwa fedha hakuna. Sheria inazitaka halmashauri zitenge sehemu 10 katika 100 za mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ikarejeshwa mwaka 2024. Pipa, jiko la kuni chache, vichanja vya waya na mashine ya kusaga havifiki bei ya gari moja la ofisi. Kikundi cha wanawake wa soko la samaki kikipewa mkopo huo, kikaachiwa mabaki bila kutozwa ushuru wa taka, kitauza unga kwa mfugaji siku ya kwanza. Kyela, ambako mvua hainyeshi kwa kuomba ruhusa na usipa huoza juu ya mchanga wakingoja jua, kianzwe na vichanja vyenye paa. Na katika vituo vya afya vya Iringa, mahali mtoto anapopimwa urefu na mama kupewa karatasi, awekewe na pakiti ya unga wa dagaa.

Haya yote madiwani wa Mbeya na Iringa wanaweza kuyapitisha katika kikao kimoja, bila kungoja mfadhili wala mtaalamu wa kigeni. Kama wanazo sababu za kukataa, na waziandike. Karatasi hii itazichapa kama zilivyo, tena ukurasa wa mbele.