Cheo cha jasho na cheti cha heshima: tujifunze nini kwa makadeti wa anga?



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola aliyewatiisha ndege wakaelea angani bila ya nguzo wala kamba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, juma hili safu yetu inajibu barua ya mama mmoja, mzaliwa wa pwani yetu, anayeishi na familia yake nchini Marekani. Binti yake wa miaka 13 amejiunga na makadeti wa Civil Air Patrol, na hivi karibuni amepandishwa cheo chake cha kwanza na kuvishwa alama mbele ya wazazi. Mama amefurahi. Baba hakufurahi: anaona ni kupoteza wakati, tena ni mlango wa jeshi. Mama anauliza, wamtoe binti au wamwache?

Kabla ya kutoa nasaha, yatupasa tukijue kitu chenyewe, kwani kukihukumu usichokijua si katika adabu za elimu.

Civil Air Patrol, yaani doria ya anga ya raia, iliundwa tarehe 1 Disemba 1941, siku sita tu kabla ya Marekani kushambuliwa katika Pearl Harbor. Marubani wa kiraia walijitolea kulinda pwani ya nchi yao dhidi ya nyambizi za Wajerumani. Mwaka 1948 Bunge la nchi hiyo liliifanya kuwa chombo saidizi cha Jeshi la Anga. Leo kazi zake kubwa ni kutafuta ndege na watu waliopotea, kusaidia wakati wa maafa, kufundisha elimu ya anga na kulea vijana. Kijana hupokelewa kuanzia miaka 12 kabla hajafikisha 19, awe raia au mkaazi wa kudumu kisheria, na anaweza kubaki kadeti mpaka anapofikia miaka 21.

Kinachotuhusu zaidi ni ngazi yao. Kijana hapandi cheo kwa sababu ya umri wala kwa sababu baba yake anajulikana. Kila hatua ina masharti: ahudhurie, afaulu mtihani wa uongozi na wa elimu ya anga, ashiriki mazoezi ya viungo na mazungumzo ya maadili. Kati ya hatua moja na nyingine sharti zipite wiki nane, hata awe hodari namna gani. Katika ngazi hiyo kuna vituo vitano vikubwa, na kila kimoja kina tuzo yenye jina la mtu wa historia ya anga. Cha kwanza ni tuzo ya ndugu Wright, ambao ndege yao ya kwanza mwaka 1903 ilikaa hewani kwa sekunde 12 tu. Cha pili ni tuzo ya Mitchell, na anayeipata huwa luteni usu wa makadeti, lakini haipati mpaka awe amehudhuria kambi ya mafunzo ya takriban wiki moja. Cha tatu ni tuzo ya Amelia Earhart, mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki akirusha ndege peke yake, mwaka 1932. Cha nne ni tuzo ya Eaker. Cha mwisho ni tuzo ya Spaatz, yenye cheo cha kanali wa makadeti, na katika kila makadeti mia hapatikani hata mmoja anayeifikia.

Katika safari hiyo kijana aliye chini ya miaka 18 hupandishwa ndege bila ya kulipa: safari tano katika ndege za injini na tano katika ndege zisizo na injini, akiwa kando ya rubani mzoefu. Na kila anayepanda cheo hukabidhiwa wadogo zake awafundishe na kuwaongoza. Kwa hiyo cheo kinakuja pamoja na mzigo wake. Wazee wetu walisema kuwa cheo ni dhamana, na hawa wamewafanya watoto waishi maana hiyo kabla hawajaota ndevu.

Je, jambo hili ni geni kwetu?

Lau tutaisoma sira kwa makini, tutakuta kwamba Mtume (SAW) alikuwa mlezi wa vijana asiye na mfano. Abdullah bin Umar (RA) alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (SAW) hakumruhusu. Mwaka wa Khandaq akiwa na miaka 15, akamruhusu. Hakufukuzwa wala hakubembelezwa. Alisubirishwa mpaka wakati wake ulipofika. Wanazuoni wa sira wanasimulia pia kwamba Rafi' bin Khadij alipokubaliwa kwa umahiri wake wa kutupa mishale, Samura bin Jundub alisema yeye humwangusha Rafi' katika mieleka. Wakapambanishwa, Samura akashinda, naye akakubaliwa. Huo ulikuwa mtihani wa wazi, mbele ya watu, na matokeo yake yakaheshimiwa.

Amr bin Salama (RA) aliwaswalisha watu wa kabila lake akiwa mtoto wa miaka sita au saba, kwa kuwa ndiye aliyehifadhi Qur'an kuliko wote. Na Usama bin Zayd (RA), kijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 20 kwa kauli ya wengi, alipewa uamiri wa jeshi lililokuwa na masahaba wakubwa. Baadhi ya watu walipoguna, Mtume (SAW) alisimama juu ya mimbari kumtetea na kubainisha kwamba uongozi huo anaustahiki. Basi kumpa kijana daraja kwa kustahiki ni sunna tuliyoiacha sisi, wakaifuata wengine.

Tuseme ukweli kuhusu sisi

Ninaifahamu madrasa moja ambayo katika sherehe ya mwisho wa mwaka zawadi ya kwanza ya kisomo ilipewa mtoto wa mfadhili. Wanafunzi wote walijua nani msomaji bora kati yao. Hawakusema neno mbele ya mgeni rasmi, lakini muhula uliofuata yule msomaji bora hakurudi. Watoto wale hawakufundishwa kisomo siku ile. Walifundishwa kwamba juhudi haina thamani mbele ya jina la baba. Na mahali pengine kosa ni la upande wa pili: aliyehifadhi juzuu tatu na asiyemaliza hata nusu juzuu wanapewa cheti kile kile, ili asinung'unike mzazi yeyote.

Kuna kubwa kuliko hilo. Umri wa miaka 12, ambao makadeti wa anga wanaanza kupokelewa, ndio umri ambao watoto wetu wengi wanaondoka. Mtoto akishakhitimu, tunapika pilau, tunapiga picha, kisha hana tena cha kufanya madrasani. Mvulana huhamia kijiweni, na binti hubaki na simu yake. Msikiti unamtaka mtoto mpaka akhitimu, halafu unamtaka tena akishakuwa na fedha za kuchangia ujenzi. Katikati pana miaka kumi ambayo hatuna habari naye. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti na kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao. Bati, maji na vipaza sauti vina ajenda zake. Vijana huja mwisho kabisa, chini ya "mengineyo", wakati watu wameshaanza kutafuta viatu vyao.

Nasaha kwa wazazi wa binti

Nikirudi kwa mama yetu, hofu ya baba si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba kadeti si askari na halazimiki kujiunga na jeshi baadaye. Lakini pia ni kweli kwamba sare na vyeo ni vya namna ya Jeshi la Anga, na kwa miaka mingi mwenye tuzo ya Mitchell aliyejiunga na jeshi hilo alianzia cheo cha juu kidogo. Wazazi wakae na binti wayaseme haya waziwazi, wamsikilize naye anataka nini: urubani, uhandisi, uokozi, au sare tu. Jambo la kesho lizungumzwe leo, lisije likafika likiwa limeshaamuliwa.

Pili, wamtembelee mkuu wa kikosi mapema. Mikutano yao ya kila wiki mara nyingi ni ya jioni, na katika majira ya baridi Magharibi huingia mapema, kwa hiyo wapange mahali na wakati wa swala. Waulize kuhusu hijabu pamoja na sare, chakula cha halali, na malazi ya mabinti kambini. Yakikubaliwa, vyema. Yakikataliwa, swala na stara havibadilishwi kwa cheo chochote, na binti alijue hilo kabla hajalazimika kuchagua. Penye mushkeli wa hukumu, wawaulize wanazuoni wa huko wanaoijua hali yao.

Tatu, wamfundishe ikhlasi. Nishani ina utamu wake, na riyaa huingia moyoni bila ya kubisha hodi. Kila anapopanda, aulizwe nyumbani: wadogo uliokabidhiwa umewafaa kwa lipi? Kwa masharti haya, siioni sababu ya kumtoa.

Na sisi tuliobaki

Kamati zetu hazihitaji ndege ili kuwa na ngazi. Kijana aliyekhitimu apewe hatua ya kwanza: kuwasomesha alifu wadogo watano kwa miezi miwili. Akiimudu, ajifunze adhana na hukumu zake, kisha huduma ya kwanza, kisha kutunza daftari la sadaka chini ya uangalizi, kisha kuosha na kukafini maiti. Mabinti wawe na ngazi yao kamili, nao wapimwe na walimu wa kike. Kila hatua iwe na mtihani wa wazi na muda wake, na mtoto wa mwenyekiti apimwe kwa mizani ile ile ya mtoto wa mama muuza vitumbua. Gharama yake haifiki bei ya bati moja.

Katika kikao kijacho cha kamati yako, ndugu msomaji, simama uombe ajenda ya vijana itangulie ya ujenzi. Allah (SW) atuwafikishe kuilinda amana hii.

Wabillahi tawfiiq.