Sauti ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu mnaousoma ukurasa huu pamoja na watoto, wazee wetu walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wiki hii nitawasimulia habari za bibi mmoja ambaye majaliwa yalimpeleka mbali na kwao, akiwa na sauti ambayo huko alikokwenda hapakuwa na wa kuitunza. Nitalitaja pia kosa langu mwenyewe katika jambo lake, kwani anayeandika nasaha kwa wengine haimfai kuzificha aibu zake.

Bibi huyu ni mzaliwa wa pwani. Jina lake silitaji, kwa kuwa ameniomba nisilitaje. Alipokuwa msichana alifundwa kuimba na shangazi yake, tena kwa mafunzo ya kweli. Baada ya swala ya alfajiri walikaa mkekani, akafunzwa kuvuta pumzi hadi chini ya mbavu bila kuinua mabega, kulitoa neno zima bila kulimeza, na kupanda na kushuka katika mahadhi pasi na kupiga kelele. Alipokomaa akasoma kasida katika maulidi ya wanawake, na hapakuwa na harusi mtaani kwao ambayo hakuitwa kwenda kuimba. Kisha akaolewa, mumewe akapata kazi katika shamba la maua, wakahamia Naivasha.

Wengi wetu Naivasha tunaijua kwa kupita tu, tukielekea Nakuru. Ni mji wa Bonde la Ufa kando ya ziwa, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri yake ni ya baridi, na vumbi lake wakati wa kiangazi ni jingi. Waridi zinazochanua humo husafirishwa hadi Ulaya, na kazi ya kuzipanda na kuzikata imewavuta watu wa makabila mengi. Waislamu wamo miongoni mwao. Lakini maulidi ya wanawake kama tuyajuavyo sisi, na harusi za siku saba, si jambo la kila mtaa huko. Bibi yetu akanyamaza. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi hakuimba ila alipokuwa akiwabembeleza wanawe walale. Alidhani kipaji chake kimekwisha kazi, kama kanzu ya harusi iliyokunjwa sandukuni.

Miaka kadhaa sasa nimekuwa nikienda Naivasha kila Ramadhani kutoa darsa. Mwaka mmoja wazee wa madrasa moja waliniita kando. "Sheikh," waliniuliza, "tuna bibi hapa anayejua sauti. Je, yafaa tumpe wasichana na watoto wadogo awafunze kusoma na kasida?" Nikauliza alijifunzia wapi. Waliposema kwamba alikuwa akiimba harusini, nikawajibu: "Subirini kwanza." Sikusema haramu, wala sikusema halali. Nilisema subirini, nikapanda gari nikarudi pwani, nikalisahau jambo lile mwaka mzima.

Sasa sikilizeni kilichotokea katika mwaka ule. Madrasa ilikuwa na mwalimu mmoja kijana, mwenye ikhlasi, lakini yeye mwenyewe alilelewa katika chuo cha kupiga kelele. Watoto arubaini walisoma kwa pamoja, na aliyesoma kwa nguvu zaidi ndiye aliyesifiwa. Miongoni mwao alikuwamo binti wa miaka kumi, hodari wa kuhifadhi. Sauti yake ikaanza kukwaruza, ikawa kama ya mzee, kisha asubuhi nyingine haikutoka kabisa. Wenzake wakamcheka. Akaona haya kusoma mbele ya watu, na hatimaye akaacha kuja.

Mama yake, kwa kutojua la kufanya, alimpeleka nyumbani kwa bibi yule. Bibi akamsikiliza, akasema jambo la kwanza ni kwenda hospitali, kwa maana sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu haichezewi. Daktari akaeleza kwamba nyuzi za sauti, zile mbili ndogo zilizo ndani ya kikoromeo, zimeota vivimbe kwa sababu ya kupigizana kwa nguvu kila siku. Ni maradhi yanayowapata watoto wenye kupiga kelele sana, na tiba yake aghalabu ni kupumzisha sauti na kujifunza kuitumia vizuri. Basi bibi akaanza naye polepole: maji ya kunywa mara kwa mara, kutopiga makelele wala kunong'ona, kisha kuvuma kwa midomo iliyofungwa, kwa upole, kama nyuki aliye mbali. Baada ya hapo herufi moja moja. Baadaye aya fupi.

Ramadhani iliyofuata nikamsikia binti yule akisoma mbele ya wanawake nyuma ya pazia. Usomaji ulikuwa mtulivu, kila herufi imetoka mahali pake, na pumzi haikukatika katikati ya neno. Nikauliza: "Mwanangu, nani amekufunza?" Kimya. Ndipo mama yake akanijibu kwa adabu: "Sheikh, ni yule uliyesema asubiriwe."

Usiku ule sikulala vyema. Niliikumbuka hadithi ambayo nimeisomesha kila mwaka bila kuitazama ndani. Mwaka wa 8 Hijria, Mtume Muhammad (s.a.w.) akirejea kutoka Hunayn, mwadhini wake aliadhini njiani. Vijana wa Makka waliokuwa karibu, ambao hawakuwa wameupenda Uislamu, wakaanza kuiigiza adhana ile kwa dhihaka. Mtume akawasikia, akaagiza waletwe. Akauliza ni nani miongoni mwao mwenye ile sauti aliyoisikia ikipanda. Wote wakamwonyesha mmoja, naye ni Abu Mahdhura. Wenzake wakaachiwa waende zao, akabakishwa yeye.

Mwenye kutarajia adhabu angeitarajia hapo. Badala yake, Mtume (s.a.w.) alimfunza adhana yeye mwenyewe, tamko baada ya tamko. Akampa kifuko chenye fedha, akampitishia mkono wake usoni na kifuani, akamwombea baraka. Kijana aliyekuja na chuki akaondoka na mapenzi, akaomba awe mwadhini wa Makka, akakubaliwa. Aliendelea kuadhini huko mpaka alipofariki, na baada yake kazi ikabaki kwa kizazi chake.

Ndugu zangu, kijana yule alikuwa akiitumia sauti yake kuidhihaki adhana yenyewe. Bibi wa Naivasha alikuwa akiwaimbia maharusi. Mtume hakumwambia Abu Mahdhura asubiri mwaka. Alikitambua kipaji ndani ya kosa, akakishika mkono.

Na kuna jambo jingine katika hadithi ile ambalo sisi wafuasi wa Imamu Shafii tunalijua kwa jina la tarjii. Abu Mahdhura alifunzwa kuzitamka shahada mbili kwanza kwa sauti ya chini, kisha azirejee kwa sauti ya juu. Mtu akifikiri ataona kwamba hili pia ni somo la sauti. Anayeanza kwa nguvu zake zote hana pa kupanda. Nabii Muhammad (s.a.w.) ndiye aliyemsifu pia Abu Musa al-Ash'ari kwa usomaji wake, akaufananisha na zumari za Aali Daud. Naye Luqman, katika nasaha alizompa mwanawe, alimwagiza ainamishe sauti, akamkumbusha mlio wa punda. Dini yetu basi haikuiacha sauti bila malezi.

Pengine mtasema: lakini Sheikh, alikuwa mwimbaji. Nami najibu kwamba mlango baina ya chuo na uimbaji ni wa zamani, na aghalabu watu wameupita wakitoka chuoni. Umm Kulthum wa Misri, aliyefariki mwaka 1975, alikuwa binti wa imamu wa kijiji. Alianza katika chuo cha Qur'ani na kasida za dini, na ule utamkaji wake uliostaajabiwa katika nchi zote za Waarabu uliwekewa msingi humo. Watoto wa vyuo vyetu wametoka wakawa waimbaji, nasi hatukushangaa. Kwa nini basi tushtuke mmoja akiurudia mlango uleule akiwa na ujuzi mikononi?

Asubuhi nikawaendea wazee, nikawaambia nimekosea, na nikamwomba bibi radhi mbele ya mumewe. Tukapatana juu ya mipaka: atafunza wasichana na watoto wadogo, wavulana waliobaleghe watabaki kwa ustadhi wao, na katika kasida hakutakuwa na ala ila dufu. Najua wanazuoni wamehitilafiana katika mambo ya uimbaji, na sikusudii kuyamaliza hapa. Niliyosema ni juu ya kazi hii, kwa mipaka hii.

Leo wanamwita maalima. Nimekaa nyuma ya pazia nikamsikiliza akifunza. Huanza na pumzi: watoto hulala chali mkekani, kila mmoja ameweka msahafu mdogo wa kufikirika tumboni, na huambiwa waupandishe na kuushusha bila kuudondosha. Kisha makhraji. Imamu Ibn al-Jazari aliyahesabu makhraji ya herufi kuwa 17, yaliyomo katika sehemu tano, kuanzia uwazi wa kinywa na koo mpaka midomo na pua. Maalima hakuwatajia watoto hesabu hizo. Aliwapa kioo wautazame ulimi wao. Naivasha ina watoto ambao lugha ya nyumbani mwao ni Kikuyu, na ulimi wao huiendea ra wakitaka lam. Wapo wa Kijaluo ambao shin huwatoka kama sin. Hamcheki mtoto hata mmoja. Humwambia: "Ulimi wako si mbaya, mwanangu. Umezoea nyumba nyingine, nasi tunauonyesha chumba kipya." Darasa zima husubiri mpaka herufi itoke, na ikitoka wote humwambia "Masha Allah."

Nilimuuliza kama hujuta, kwamba sauti iliyosifiwa na umati wa pwani sasa yasikiwa na watoto ishirini katika chumba cha mabati. Alifikiri kidogo, akasema: "Sheikh, nilipokuwa naimba, watu walikuwa wakinisikia mimi. Asubuhi yake imekwisha. Hawa nikiwafunza, nami nikanyamaza, bado najisikia. Kuna siku binti mmoja alivuta pumzi kabla ya kuanza, nikamwona shangazi yangu, na yeye ni marehemu."

Sikuwa na la kuongeza. Tumefunzwa kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, na moja katika hayo ni elimu yenye kunufaisha. Shangazi yule hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha namna ya kuvuta pumzi, na leo watoto asiowajua, katika mji asioufikia, wanasomea Qur'ani kwa pumzi hiyo.

Wazazi, chukueni haya machache nyumbani. Msiwasifu watoto kwa kupaza sauti; wasifuni kwa kutamka. Mtoto akikwaruza sauti mpumzisheni, na ikizidi wiki tatu mpelekeni kwa daktari. Mvulana anayebaleghe, sauti ikimvunjikia katikati ya aya, msimcheke wala msimlazimishe kusoma juu. Kikoromeo chake kinakua, naye atatulia. Na tazameni mitaani mwenu. Huenda yupo bibi aliyekunja ujuzi wake sandukuni kwa sababu mtu kama mimi alimwambia asubiri. Mgongeeni mlango.

Ewe Mola, mrehemu shangazi yule, umbariki maalima wa Naivasha na wanafunzi wake, na utusamehe sisi kila tulipoichelewesha kheri kwa kauli nyepesi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.